Kaunti niliyozoea kuipita: McIntosh, Georgia

Alhamisi

Barabara kuu namba 95 huikata kaunti ya McIntosh kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa, na mimi miaka yote nimeipita hivyo, nikiwa juu ya lori, mzigo nyuma na Jacksonville mbele. Kutoka barabarani huoni la maana: misonobari, vibao vya vituo vya mafuta, kisha madaraja ya mto Altamaha na majani ya kinamasi yaliyotanda mpaka baharini. Kaunti nzima haina watu zaidi ya elfu kumi na moja hivi.

Safari hii nimekuja na gari dogo na shemeji, aliyetoka Tanga kumtembelea dada yake na aliyeamini kabisa kwamba tunakwenda Orlando. Nimemwambia Orlando ipo na haihami. Kwanza tupite mahali ambapo Mwafrika mmoja aliandika kitabu cha fikihi kwa Kiarabu huku akiwa mtumwa. Akanitazama. "Shemeji, hapa hapa Marekani?" Hapa hapa.

Kutoka Savannah tuliiacha 95 tukashika namba 17, barabara ya zamani. Kabla 95 haijajengwa, watu wa New York na New Jersey waliokwenda kuota jua Florida walipita humu, na McIntosh ilikula kwao. Kulikuwa na vibanda vya kamari na mabaa yaliyojipanga kuwakamua wapita njia. Sherifu Tom Poppell, aliyeshika kazi hiyo tangu 1948 mpaka alipokufa mwaka 1979, alijulikana kwa desturi moja ambayo mimi dereva wa lori siwezi kuisahau: lori likipinduka barabarani, watu wa kaunti, weusi kwa weupe, waliachiwa wajichukulie mzigo. Viatu, pipi, vifaa vya ujenzi, chochote kilichokuwamo. Maskini walipata, na kura za sherifu hazikupungua. Nilipomweleza shemeji alicheka, halafu akauliza: na dereva je?

South Newport tulisimama kwenye kanisa dogo lililo kando ya barabara, la viti kumi na viwili tu. Lilijengwa mwaka 1949 na mama mmoja mwenye duka, Agnes Harper, ili msafiri apate pa kupumua. Lilichomwa moto mwaka 2015, likajengwa upya. Inasemekana hati yake iliandikwa kwa jina la Yesu Kristo. Shemeji akasema huyo angalau hakuna atakayemfuata kumdai kodi. Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka kila tulikokwenda, kwa kuwa katika kaunti hii kila hadithi, ukiifuata hadi chini, unakuta karatasi: hati, ombi, orodha, amri. Kuna zilizoheshimiwa na kuna zilizochanwa.

Jioni tulikuwa Darien, makao makuu ya kaunti, mji unaoweza kuuzunguka kwa miguu kabla maghribi haijaingia. Chini kwenye mto kuna mashua za kuvulia kamba zenye nyavu zilizotundikwa juu kama mabawa. Wavuvi wamebaki wachache, kwani kamba wa mabwawa ya Asia wameshusha bei. Kando ya maji kuna kuta kuukuu za maghala ya pamba na mchele. Shemeji alikwenda moja kwa moja kuupapasa ukuta. Zimejengwa kwa chokaa ya makombe ya chaza yaliyochomwa, ikachanganywa na mchanga, maji na makombe mazima, ikashindiliwa. "Tongoni hii," alisema, na kweli ukifumba macho vidole vinakudanganya uko kwenye magofu ya Tongoni, ila huko ni matumbawe na huku ni chaza.

Mwishoni mwa karne ya 19 bandari hii ilikuwa kubwa kwa mbao. Magogo ya msonobari yalifungwa matishari, yakateremshwa na Altamaha mamia ya kilomita kutoka bara, na meli za Ulaya zikaja kuyachukua. Meli hizo zilikuja tupu, zimejaza mawe ya kuzipa uzito, nazo zikayamwaga kwenye mlango wa mto kabla ya kupakia. Mawe yakawa visiwa, na miti imeota juu yake mpaka leo. Misitu ilipokwisha, karne mpya ikiwa bado changa, meli hazikurudi.

Ijumaa

Asubuhi tulikwenda kwenye ngome ya Fort King George. Waingereza waliijenga mwaka 1721 kuwazuia Wahispania wa Florida na Wafaransa, wakaijaza wanajeshi wazee na wagonjwa, nao wakafa kwa homa na kuhara kuliko kwa risasi. Mwaka 1727 wakaondoka. Mnara wa mbao unaouona sasa ni wa kujengwa upya. Visubi viliturudisha kwenye gari mapema.

Mji wenyewe ulianzishwa Januari 1736. Jenerali James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni la Georgia, alikwenda kutafuta watu wagumu wa vita wa kuweka mpakani, akawapata katika milima ya Uskochi: Wakatoliki wachache, Waprotestanti wengi, wasemao Kigaeli, na wake na watoto wao. Kati ya watoto hao alikuwamo Lachlan McIntosh. Ukoo wake ndio ulioipa kaunti jina ilipoundwa mwaka 1793. Lachlan alikuja kuwa jenerali katika vita vya uhuru, na mwaka 1777 alipigana duweli na Button Gwinnett, mmoja wa waliotia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani. Wote wawili walijeruhiwa, Gwinnett akafa.

Lakini lililonileta Darien ni la mwaka 1739. Wakati ule utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Georgia. Wazungu wa Savannah wakawa wanalalamika: bila watumwa hatuwezi kushindana na jirani zetu wa Carolina, turuhusuni. Tarehe 3 Januari watu kumi na wanane wa Darien wakamwandikia Oglethorpe ombi la kinyume. Hoja zao za kwanza ni za watu wenye hesabu: Wahispania wako karibu na wanawapa uhuru watumwa wanaotoroka, kwa hiyo tutakesha tukiwalinda; tutaingia madeni kuwanunua; na kazi hizi wenyewe tunaziweza. Kisha, mwishoni, wanageuka. Wanasema ni jambo la kutisha ubinadamu kwamba kabila lolote la watu pamoja na vizazi vyao lihukumiwe utumwa wa milele. Kwamba siku moja watu hao watakuwa fimbo ya kutuadhibu kwa dhambi zetu. Na kwamba kwa kuwa uhuru ni mtamu kwao kama ulivyo kwetu, itakuwa siku ya kutisha.

Nimelisoma ombi hilo mara nyingi na bado sijui niwaweke wapi watu hawa. Marufuku iliondolewa mwaka 1751. Baada ya hapo koo zilezile, akina McIntosh wakiwamo, zikawa na mashamba ya mpunga na watumwa wa kuyalima. Januari 1775 kamati ya Darien ikatoa tena azimio la kuulaani utumwa, na Lachlan McIntosh alikuwa mmoja wao. Maandishi yalikuwa mazuri mara zote mbili. Mpunga ukaendelea kupandwa.

Siku waliyoitabiri, au kitu kilichofanana nayo, ilifika tarehe 11 Juni 1863. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kaskazini yalipanda mto na askari weusi, wale wa Massachusetts namba 54 chini ya Kanali Robert Gould Shaw na wale wa South Carolina namba 2 chini ya Kanali James Montgomery. Mji ulikuwa karibu mtupu. Montgomery akaamuru uporwe na uchomwe, kwa maelezo kwamba watu wa Kusini lazima waione ladha ya vita. Shaw alipinga, na akaandika nyumbani kwamba anaona aibu. Mwezi uliofuata aliuawa akishambulia ngome ya Wagner. Baadaye familia yake ilichangia kulijenga upya kanisa la St. Andrew's lililoteketea siku ile. Darien wazee bado huuhesabu moto ule kama wa jana.

Adhuhuri ilitukuta kisiwa cha Butler, hatua chache kusini mwa mji, kwenye njia hiyohiyo ya 17. Tuliswali kando ya gari, chini ya mwaloni, mbele ya bomba refu la matofali lililobaki la kinu cha mvuke cha kukoboa mpunga. Mbele yetu mashamba yalikuwa yale yale: majaruba ya mraba, matuta, mifereji na milango ya maji. Siku hizi serikali ya jimbo huyajaza maji kwa ajili ya bata wa porini.

Ujanja wa shamba hili uko kwenye mto. Bahari ikijaa, maji chumvi mazito husukuma chini na kuyainua maji baridi yaliyo juu. Ukifungua mlango wa jaruba saa hiyo, unapata maji baridi bila pampu. Bahari ikipwa unayamwaga. Ukikosea saa, umelikaanga shamba kwa chumvi. Waliojua kulima hivyo walikuwa watu wa Afrika Magharibi, kutoka mito ya Sierra Leone, Guinea na Gambia, na wafanyabiashara wa watumwa walilijua hilo vizuri walipopanga bei. Shemeji, ambaye ujomba wake wanalima mpunga Korogwe, aliizunguka milango ile akiuliza maswali ambayo mimi sikuwa na majibu yake.

Mwenye kisiwa alikuwa Pierce Butler wa Philadelphia. Mwaka 1834 alimwoa Fanny Kemble, mwigizaji maarufu wa Kiingereza, na mwishoni mwa 1838 akamleta huku kwa miezi michache. Yule mama aliandika kila alichokiona: wanawake waliorudishwa shambani wiki tatu tu baada ya kujifungua, hospitali isiyo na kitanda, viboko. Ndoa ilivunjika. Maandishi yake aliyachapisha mwaka 1863, vita vikiwa vimepamba moto na Uingereza ikitazamwa itaelemea upande gani.

Butler, kwa kamari na hasara za biashara, alizama katika madeni. Tarehe 2 na 3 Machi 1859 watu 436 wa mashamba yake, wa hapa na wa kisiwa cha St. Simons, waliorodheshwa na kunadiwa kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya Savannah. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Mnada ulileta dola 303,850, na wazao wao wanauita Wakati wa Kilio. Ulipokwisha Butler alipita akimpa kila aliyeuzwa dola moja, kwa sarafu mpya za robo.

Shemeji alitaka tuondoke.

Jumamosi

Kisiwa cha Sapelo huendi tu kwa kuwa una nauli. Lazima uwe kwenye ziara iliyopangwa au mwenyeji awe amekualika, na jina lako liwe kwenye orodha ya feri. Feri huondoka gati la Meridian, inaitwa Katie Underwood, jina la mkunga aliyezalisha watoto wa kisiwa kwa miaka mingi. Wanafunzi wa kisiwani huvuka nayo kila siku ya shule, maana shule ya kisiwa ilifungwa mwaka 1978. Safari ni chini ya nusu saa, katikati ya majani marefu ambayo Novemba hii yalikuwa yamegeuka rangi ya dhahabu. Mikoko hakuna huku. Majani haya ndiyo yanayofanya kazi yake. Tangu 1953 Chuo Kikuu cha Georgia kina kituo cha sayansi ya bahari hapa, na mengi yanayojulikana duniani kuhusu vinamasi vya maji chumvi yalianzia kwenye tope hili.

Upande wa kisiwani, kwenye gati, watu huteremsha sauti. Tarehe 19 Oktoba 2024, siku ya sikukuu ya utamaduni wa kisiwa, daraja la alumini la kupandia feri lilivunjika likiwa na watu, na saba wakafa. Wengi walikuwa wazee waliokuja kusherehekea asili yao.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo mzaliwa wa Hog Hammock, kijiji cha kisiwani, alitupakia kwenye basi kuukuu, akauliza kila mtu anatoka wapi. Tulipotaja Tanzania alisema, "Basi ninyi mtakaa mbele," na hapo ndipo tulipokaa.

Kisiwa ni ekari kama 16,500. Sehemu ya kusini ilinunuliwa mwaka 1802 na Thomas Spalding, aliyepanda pamba na miwa na kujenga kinu cha sukari cha chokaa ya chaza ambacho magofu yake yangalipo. Nyapara wake mkuu, mtu aliyeendesha kazi za mamia ya watu, aliitwa Bilali. Alizaliwa Timbo, Futa Jallon, katika nchi ambayo sasa ni Guinea. Alikamatwa angali kijana, akauzwa Bahamas, kisha akaletwa hapa na mkewe Phoebe na mabinti zao. Majina ya mabinti yalisalia: Margaret, Hester, Charlotte, Fatima, Medina, Yoruba, Bintu. Alivaa kofia, alifunga Ramadhani, na alizikwa akiwa ameshikilia dini yake katika nchi ambayo haikuwa na msikiti. Husimuliwa kwamba Waingereza walipotishia pwani hii katika vita vya 1812, Spalding alimkabidhi bunduki themanini ailinde Sapelo, jambo ambalo mwenye watumwa mwingine yeyote angeliona wazimu.

Kabla hajafa, katika miaka ya 1850, alimpa rafiki yake wa Darien, Mzungu, kijitabu cha kurasa kumi na tatu alizoziandika kwa mkono wake, kwa Kiarabu cha mwandiko wa Kimaghribi, wa Afrika Kaskazini na Magharibi. Kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kukisoma. Wakadhani ni kumbukumbu za shamba au maisha ya mtumwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg alikipeleka Kano, Nigeria, akakaa na walimu wa huko, ikaonekana ni vipande vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kile kitabu cha fikihi ya Maliki ambacho kila mtoto wa chuoni Afrika Magharibi alikisoma. Udhu, adhana, sala. Sasa kimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Georgia, mjini Athens.

Nimewasikia Wamarekani wakisikitika kwamba si maisha yake aliyoyaandika. Mimi naona wamekosea cha kusikitikia. Mtu ametenganishwa na walimu wake kwa zaidi ya miaka hamsini, karatasi ni ya kutafuta, wino ni wa kutengeneza, na anaandika kwa kukumbuka kichwani, huku baadhi ya herufi zimekwisha kumponyoka. Wanaotaka maisha yake wasome anachokitanguliza: namna ya kutawadha.

Miaka ya 1930 waandishi waliotumwa na serikali kukusanya masimulizi walimkuta kisiwani Katie Brown, mjukuu wa Margaret, bibi kizee. Aliwaeleza jinsi Bilali na Phoebe walivyoswali jua linapochomoza, wakipiga magoti juu ya mkeka, wakivuta tasbihi ndefu. Akaeleza pia bibi yake alivyoloweka mchele usiku kucha, akautwanga, akatia asali, akatengeneza vibumunda bapa siku moja kila mwaka na kuwagawia watoto. Aliviita saraka. Shemeji alimwomba mwongozaji arudie neno hilo, akalirudia, na sisi wawili hatukuhitaji kuelezwa.

Baadaye wazao hao walibatizwa. Kanisa la First African Baptist, lililoanzishwa mwaka 1866 na baadaye likawa Raccoon Bluff, ni lao. Marehemu Cornelia Walker Bailey, mwanamke aliyeijulisha Sapelo kwa dunia na aliyefariki mwaka 2017, alieleza kwamba alipokuwa mdogo walifundishwa kusali wameelekea mashariki, na kwamba wafu huzikwa hivyo hivyo. Makaburi ya Behavior tuliyaona kwa mbali tu, kutoka barabarani. Wageni hawaingii, na ni haki ya wenyeji kuwazuia.

Baada ya chakula, kamba na wali na kunde nyekundu za kisiwa, mwongozaji alieleza habari ya ardhi, na hapo sauti yake ilibadilika. Januari 1865, Jenerali Sherman wa Kaskazini akiwa Savannah, alitoa amri namba 15: visiwa vyote na mwambao huu wa mpunga ugawiwe watu walioachwa huru, hadi ekari arobaini kila familia. Watu wakalima. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akawarudishia ardhi wenye mashamba wa zamani. Wa Sapelo hawakukata tamaa. Mwaka 1871 watu watatu waliounda kampuni ya William Hillery walinunua ekari 1,000 za Raccoon Bluff kwa pesa zao, wakawauzia wenzao viwanja. Vilikuwako vijiji kadhaa kisiwani.

Mwaka 1934 tajiri wa tumbaku, R. J. Reynolds mdogo, alikinunua karibu kisiwa chote kilichobaki. Alitaka kaskazini iwe ya kuwinda. Kuanzia miaka ya 1950 watu wa vijiji vingine walihamishiwa Hog Hammock kwa kubadilishana viwanja, na aliyekuwa na kazi kwa Reynolds angemkataliaje Reynolds? Raccoon Bluff ikawa msitu. Reynolds alikufa mwaka 1964, mjane wake akaiuzia serikali ya jimbo, na Hog Hammock ikabaki, ekari zisizofika 450, na leo wazao walio kisiwani ni makumi machache tu.

Na hao nao hawajaachwa. Mwaka 2012 kodi za nyumba zilipanda ghafla, maana matajiri walikuwa wameanza kununua viwanja vya ufukweni na bei ikahesabiwa kwa wote. Septemba 2023 baraza la kaunti, kwa kura tatu dhidi ya mbili, lilipandisha ukubwa wa nyumba unaoruhusiwa Hog Hammock kutoka futi za mraba 1,400 hadi 3,000. Wenyeji walikusanya saini zaidi ya 1,800 kudai kura ya wananchi. Mahakama ikaisimamisha, kisha Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia ikawapa haki ya kuipiga. Tulipopita ilikuwa bado haijapigwa. Nilimuuliza mama yule kama ana matumaini. Akasema watu wa hapa hawakubaki kwa matumaini, wamebaki kwa ukaidi.

Jumapili

Siku ya kanisa. Tulipita Bolden, kijiji ambacho wenyeji hukiita Briar Patch, mbele ya kanisa la Mount Calvary. Hapa kila usiku wa kuamkia mwaka mpya, tangu enzi za utumwa, watu hufanya ring shout: mmoja anaanzisha wimbo, mwingine anapiga sakafu kwa mpini wa fagio, wanaobaki wanapiga makofi na kuitikia, na wanawake wanazunguka kwa mduara kinyume cha saa, bila kupishanisha miguu, kwa sababu kupishanisha miguu kungekuwa kucheza ngoma. Wataalamu walidhani desturi hiyo imekwisha kufa, mpaka mwaka 1980 walipokuja kuikuta hapa. Mwaka 1993 kikundi cha hapa kilipewa tuzo ya taifa ya sanaa za jadi. Sisi tulifika na Novemba, kwa hiyo tulisikia ibada ya kawaida tu kutoka nje, nzuri vilevile.

Mchana tulikuwa Harris Neck. Leo ni hifadhi ya ndege. Masika korongo weupe hujaa kwenye miti ya bwawa wakilea makinda. Tuliwakuta wachache, na barabara za lami zilizonyooka ajabu kati ya mialoni. Barabara hizo ni njia za ndege za kivita. Mwaka 1942 serikali ilihitaji kiwanja, ikachukua ekari 2,687, na familia kama 75 za weusi, wavuvi wa chaza na kaa waliokaa hapa tangu utumwa uishe, zikapewa wiki chache kuondoka. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa. Fidia ilikuwa ndogo, na kwa ekari moja mweusi alilipwa pungufu ya Mzungu. Wazee wanasema waliahidiwa kurudi vita vikiisha. Vita viliisha, kaunti ikapewa uwanja, ikashindwa kuutunza, na mwaka 1962 ikawa hifadhi. Mwaka 1979 wazao waliingia wakapiga mahema, na baadhi yao wakafungwa jela.

Harris Neck ndiko alikotoka Amelia Dawley. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Lorenzo Dow Turner alimrekodi akiimba mistari michache aliyofundishwa na mama yake, ambayo hakujua maana yake. Ilikuwa Kimende. Miaka sitini baadaye watafiti waliuzungusha wimbo ule Sierra Leone, kijiji hadi kijiji, mpaka Senehun Ngola, ambako mwanamke aitwaye Baindu Jabati aliutambua: wimbo wa msiba, unaoimbwa makaburini, ambao bibi yake alimwambia auhifadhi kwa kuwa utawatambulisha jamaa waliopotea. Mwaka 1997 binti wa Amelia, Mary Moran, alikwenda huko wakauimba pamoja. Ardhi ya kijiji chao hawajarudishiwa.

Jumatatu

Kabla ya kuondoka tulipita mahakama ya kaunti mjini Darien, nikitaka kuona alipofanyia kazi Tunis Campbell. Huyu alikuwa mtu mweusi huru wa New Jersey, mhudumu mkuu wa hoteli New York na Boston, aliyewahi kuandika kitabu cha kuwafundisha wahudumu kazi. Baada ya vita alikuja kusimamia visiwa hivi, akafungua shule, akawatungia watu wake sheria na baraza. Ardhi iliporudishwa kwa wenyewe wa zamani alifukuzwa, akaja bara, akakodi shamba la BelleVille, akachaguliwa seneta wa jimbo mwaka 1868 na hakimu wa amani hapa Darien. Kwa miaka michache mfanyakazi mweusi aliyedhulumiwa ujira wake aliweza kumshtaki Mzungu McIntosh na kushinda. Mwaka 1876 Wazungu walimpata: alihukumiwa kwa matumizi mabaya ya cheo na, akiwa na umri wa miaka 63, akakodishwa kwa mwenye shamba kama mfungwa wa kazi ngumu kwa mwaka mzima. Alipotoka alihama Georgia, akafia Boston mwaka 1891.

Alichokijenga hakikufa mara moja. Agosti 1899 mtu mweusi, Henry Delegale, alisingiziwa ubakaji na kutiwa jela ya Darien. Watu walijua mpango wa kumtoa usiku na kumnyonga. Wakaizunguka jela, wanaume na wanawake, na kila sherifu alipojaribu kumhamisha kengele ya kanisa la jirani ikapigwa, na watu wakajaa. Gavana akaleta wanajeshi. Delegale alifikishwa mahakamani na kuachiliwa. Gharama yake ilikuwa kubwa: wengi walifungwa kwa kosa la fujo, na wanawe wawili wakapata kifungo cha maisha kwa kifo cha naibu wa sherifu aliyekwenda kuwakamata nyumbani kwao. Hata hivyo, katika Georgia ya miaka ile, mshtakiwa wa namna hiyo kutoka hai lilikuwa jambo la nadra mno. Karne iliyofuata, miaka ya 1970, Thurnell Alston na wenzake walifungua kesi mbele ya mahakama ya shirikisho ili weusi wapate nafasi katika baraza la kaunti, na mwaka 1978 akachaguliwa.

Katika chumba cha kumbukumbu za ardhi tulikuta vitabu vikubwa vya hati na watu wawili wamekaa wakivifunua. Karani, mwanamke mkarimu, alieleza kwamba wengi wanaokuja ni kwa ajili ya ardhi za warithi: babu alinunua, akafa bila wosia, watoto hawakugawana, wajukuu wametawanyika hadi New York, na kila mmoja ana kipande kisichoonekana. Zamani ilitosha mrithi mmoja kuuza sehemu yake kwa kampuni, kampuni ikaomba mahakama iuze yote, na ukoo ukaamka hauna pa kuzikana. Sheria imerekebishwa, siku hizi warithi wengine hupewa kwanza nafasi ya kununua sehemu hiyo. Kama wana pesa.

Tulishika 95 kuelekea kusini, Orlando hatimaye. Hatujavuka hata mto shemeji akapiga simu Tanga kwa dada yake mkubwa. Nikamsikia: "Da Mkubwa, shikamoo. Lile shamba la Muheza, hati yake iko kwa jina la nani?" Kimya kidogo. "La babu? Babu yupi?" Kimya tena, kirefu, kisha sauti ya dada ikapanda hadi nikaisikia mimi niliyeshika usukani, akitaka kujua ni nani aliyemwambia kwamba kuna mtu anauza.